Mita Mia Saba

Chupa ilifika Kisumu ndani ya sanduku la viatu,
imeviringishwa gazeti la nchi nisiyoijua,
na Daktari Apondi akanikabidhi niioshe kwa nje,
maana mimi ndiye wa kuosha hapa maabara:
mirija, visahani, sinki, vikombe vya chai wanavyosahau watu.

Ndani, samaki wawili. Urefu, kidole changu cha shahada.
Jicho kubwa kupita haki yake.
Kwenye kibandiko, kwa penseli: mita mia saba.

Nikacheka. Mita mia saba ni kutoka lango letu
hadi pale Nyawara anapochoma mahindi.
"Kwenda chini," akasema Daktari. "Si kwenda mbele."

Basi nikaanza kuzisimamisha wima.
Ghuba yetu hii, mkaratusi ukisimama kwenye tope lake
kilele kitakuwa kikavu, ndege watatua.
Ziwa zima, kule lilikozama zaidi, halitimizi mita mia.
Kwao huyu ni maziwa manane, karibu tisa,
yamebebana kama gorogoro za mama pale Kibuye
jioni, akishafunga biashara.

Akaniinamisha kwenye hadubini.
Tumboni, safu za nukta, kama vifungo vya shati la mtoto.
Kila nukta ni taa. Si mfano wa taa: taa,
ina kioo nyuma na lenzi mbele,
na haingoji tokeni.
Nikadhani huwasha ili aone.
La. Huwasha ili asionekane.

Anayemwinda yuko chini, ameinua macho,
anatafuta kivuli kitakachokatiza
ule mwanga kiduchu uliobaki wa jua.
Naye hulipaka tumbo lake mwanga uleule,
kipimo kilekile,
kivuli kikafutika.

Nilikaa na jambo hilo siku nzima nikisugua mirija.
Kuwaka ili upotee.
Namjua mwanamke wa hivyo, tunasali pamoja,
hucheka kuliko wote.

Magamba hawana; yalibaki wavuni.
Daktari alimpasua mmoja: tumboni vijidudu vya maji,
vimejaa, hakuna kinachofika punje ya wimbi.
Sikioni kijiwe, na kwenye kijiwe pete,
pete moja kwa kila siku aliyoishi.
Tulihesabu hadi mia mbili na kumi na nne, macho yakatoka machozi.
Mia mbili na kumi na nne za kushuka alfajiri na kupanda magharibi,
mamia ya mita, kwenda kula tu, kisha kurudi,
na mimi hulalamikia ngazi za jengo hili.

Omena naye hufanya hivyo, kwa kadiri ya ziwa lake,
mchana chini, usiku juu.
Ndugu yangu Olang' analijua hilo bila hadubini.
Zamani kwa karabai, sasa kwa taa ya sola inayoelea,
huwapelekea mwanga usiku usio na mwezi,
nao huja, maskini.
Hawakuzaliwa na wa kwao.

Jumanne stima ilipotea.
Nilikuwa peke yangu, nafunga madirisha.
Nikaichukua chupa na yule aliyebaki mzima,
nikaizungushia viganja, nikangoja.
Najua, najua. Taa hufa na mwenye taa.
Ila ungekuwa wewe, usingengoja?

Hakikuwaka kitu.
Nikawasha simu: spiriti imeshuka, upana wa ukucha.
Kesho nitaongeza.

Nje, mbali, ziwa lilikuwa limejaa taa.
Nilizihesabu hadi thelathini na kitu,
nikikisia ipi ya Olang',
na chini yake
ni nani aliyeinua macho.